Ubeti wa Tatu wa Josiel

Ukitaka kunikosea adabu siku hizi, niimbie wimbo wa Adiel. Usijisumbue kunitukana wala kunisengenya, niimbie tu "Umejibu, Bwana, umejibu" halafu uone nitakavyokugeukia.

Bahati mbaya mji wetu mzima wa Castanhal unauimba. Kinyozi wa ng'ambo anaufungulia redioni tangu asubuhi, na hata kasuku wa jirani ameshajua mstari wa kwanza. Alhamisi ile nilikuwa nyuma ya mashine nasaga asai, tunda dogo jeusi tunalolinywa kama uji, mikono zambarau hadi kwenye viwiko, mama yuko ndani anachekecha unga wa muhogo, Dada Socorro akaingia na bakuli lake. Kabla hajafungua kinywa, simu yake ikalia. Umejibu, Bwana, umejibu.

"Pokea simu, dada," nikamwambia.

"Aa, iache iimbe kidogo. Wimbo huu ni dawa, Juci. Juzi mgongo ulinishika, nikausikiliza mara tatu, nikainuka nikafua." Akaegemea kaunta akanitazama kwa huruma ya kinafiki. "Hivi wewe ulimwachaje mtu kama yule? Mpakwa mafuta, mrefu, meno yote yapo."

"Unataka mzito au mwepesi?"

"Mwanamume?"

"Asai, Dada Socorro."

Akacheka mpaka akakohoa. Nikamjazia bakuli, nikamfungia na unga, akaenda zake akiimba. Nikabaki nimeshika kingo za kaunta.

Niseme ukweli, nilimpenda Adiel. Nilimpenda tangu alipokuja kanisani kwetu na gitaa lililofungwa kamba ya viatu, akaketi kando ya mdogo wangu Josiel aliyepiga ngoma, wakawa kama kidole na pete. Tulichumbiana miaka miwili. Mchungaji Osmarino alituombea mbele ya kanisa zima, tukavishana pete mkono wa kulia, tukasubiri siku ya ndoa ya kuzihamishia kushoto.

Halafu Josiel akapata saratani ya damu, akiwa na miaka ishirini na mmoja.

Mama yangu, Bi Lindalva, ndiye kiongozi wa kundi la maombi la akina mama. Siku Adiel aliposimama kando ya kitanda cha hospitali na gitaa lake akaimba kwamba Josiel atapona, kwamba jibu liko njiani, mama alilishika neno lile kwa mikono miwili. Tangu hapo hakuna aliyeruhusiwa kutaja mauti. Josiel akifungua kinywa kusema, "Mama, nisipo...," mama alimwekea kiganja mdomoni. "Usitamke, mwanangu. Ulimi una nguvu." Siku arobaini alimziba mdomo hivyo, kwa upendo. Mwanawe akafa bila kumuaga.

Siku ya mazishi mama alisema neno moja tu. "Kuna mtu nyumbani humu alitia shaka." Hakumtaja. Mimi nilijua ni mimi, kwa sababu nilikuwa nimekwenda kimyakimya makaburini kuulizia nafasi. Usiku ule nikavua pete, nikaitumbukiza kwenye kopo la maziwa ya unga juu ya rafu. Mwezi mmoja baadaye wimbo ukatoka redioni, jina lake "Umejibu". Umejibu nini? Kwa nani? Hapo ndipo nilipomfungia Adiel mlango, na miezi kumi na minne ikapita.

Alhamisi ile mvua ya saa tisa ilianza bila salamu, kama ilivyo kawaida yake. Nilikwenda kuushusha ubao mwekundu wa kutangaza asai uliotundikwa mlangoni, nikamkuta Adiel chini yake, kalowa chapachapa.

"Amani ya Bwana, Juci."

"Asai imekwisha."

"Sijaja kwa asai."

"Basi umekosea duka."

Hakuondoka. Aliingia akaketi kwenye kigoda chenye mguu mfupi, akaegemea upande ule ambao hakiyumbi, kwa sababu anakijua. Hilo peke yake lilinichoma. Mtu ukimfukuza moyoni asibaki anajua vigoda vyako. Shati lilikuwa limemganda mabegani, na katika mkono wake wa kulia pete ilikuwa bado ipo. Nikageuza macho. Nikayarudisha. Nikayageuza tena.

Mama akatokeza kutoka ndani, chekecheo mkononi.

"Amani ya Bwana, Bi Lindalva," Adiel akasimama haraka.

Salamu ile mtu wa kanisani kwetu hawezi kuiacha bila jibu. "Amina," mama akaujibu ukuta. Kisha akaniambia mimi, "Mvua hii nayo. Inaleta vyura mpaka ndani." Akachukua kiti chake cha mbao akakiweka pale mlangoni pa nyumba, upande wa pili wa ua, akaketi.

Adiel alikitazama kile kiti kwa muda mrefu. Sote tulikijua. Tangu Josiel alipokuwa na miaka kumi na mbili, kila siku ya mazoezi ya ngoma, mama alikaa pale mpaka amwone akivua viatu kizingitini na kusema, "Mama, ni mimi." Josiel hayupo, lakini Alhamisi ni siku ya mazoezi, na mama alikuwa ameketi.

"Bado anakaa?" Adiel akanong'ona.

"Unajali nini wewe? Wewe umeshajibiwa."

Akafumba macho kidogo. "Jumapili kanisa linatimiza miaka hamsini. Watarekodi ibada ya asubuhi, na wimbo ule ndio wa kufungia. Nataka uje."

"Nije nifanye nini? Nikupigie makofi? Adiel, nilikusikia redioni. Mtangazaji akakuuliza wimbo ulikujiaje, ukasema ulikuwa mlimani unaomba, mbingu zikafunguka. Mlima upi huo? Castanhal ni tambarare kama sinia!"

"Nilidanganya."

Alisema hivyo tu, bila kujikosha.

"Wimbo haukunijia mlimani," akaendelea. "Haukunijia mimi kabisa. Ulimjia Josiel. Ilikuwa Jumanne, mama yako amekwenda kwenye maombi, wewe umelala kwenye benchi la korido. Alikuwa anagonga chuma cha kitanda kwa kijiko, ule mdundo wake wa taratibu, unaukumbuka? Akaniambia, kaka, lete karatasi. Mimi nilitafuta sauti za gitaa tu. Maneno ni yake."

Akatoa karatasi kwenye mfuko wa plastiki aliokuwa ameukunja mara nne. Ilikuwa karatasi ya hospitali ya kuagizia chakula cha mgonjwa. Upande mmoja, supu bila chumvi. Upande wa pili, mwandiko wa mdogo wangu, umepinda kwa sababu sindano ya maji ilikuwa mkono wa kulia. Vidole vyangu vilikuwa na rangi, nikaishika kwa kucha.

*Usipojibu, Bwana, usipojibu,*
*bado nitakuimbia.*

Chini yake beti mbili ninazozijua, zile zinazoimbwa. Halafu ubeti wa tatu, ambao sikuwahi kuusikia popote.

*Mama, ondoa kiti mlangoni,*
*leo usinisubiri.*
*Viatu nimevua kwingine,*
*ni mimi, mama, nimefika.*

Nilisoma mara moja. Mara ya pili sikuweza. Nilikaa chini sakafuni nyuma ya mashine, mahali mama asipoweza kuniona, nikauma aproni yangu. Adiel akaja akachuchumaa mbele yangu. Hakunigusa.

"Kwa nini?" nikauliza nilipopata pumzi. "Kwa nini ulikificha kitu kama hiki?"

"Mchungaji alisoma akasema ni kizuri, lakini kinanuka msiba. Akasema watu wanakuja kanisani wamechoka, wape ushindi. Akabadilisha kiitikio pale pale mezani kwake, akaukata ubeti wa tatu."

"Na wewe ukanyamaza."

"Nilinyamaza. Usimlaumu yeye peke yake." Alijipangusa uso, sijui mvua sijui nini. "Juci, mimi ndiye niliyeimba kwamba atapona. Hakupona. Niliona aibu. Sikuona aibu kwa ajili yangu tu, niliona aibu kwa niaba ya Mungu, kana kwamba ameshikwa na kosa na mimi ndiye wa kumtetea. Nikasema, nikiwaimbisha watu elfu kwamba amejibu, huenda itakuwa kweli. Kila nikiuimba watu wanalia, wanainuka, wanapona migongo. Mimi nashuka jukwaani najifungia chooni."

"Na mama yangu?"

"Mama yako alisema kuna mtu alitia shaka. Nikimwonyesha karatasi hii, atajua ni nani."

Nikamwelewa, na nikamchukia kwa kumwelewa. Kumbe kwa miezi kumi na minne sote wawili tulikuwa tumejificha nyuma ya neno lile moja la mama. Mimi na makaburi yangu, yeye na karatasi yake. Wazee walisema, mficha maradhi kilio humuumbua.

"Hii si shaka," nikasema. "Hii ndiyo imani. Sisi ndio tuliokuwa hatuna. Yeye alijua anakufa na bado akasema ataimba."

"Najua."

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu Jumanne ile."

Hapo nikampiga. Nilimpiga kofi la kifuani, likaacha kiganja cha zambarau kwenye shati lake jeupe. Akaushika mkono wangu pale pale, akaukandamiza kwenye moyo wake, na mimi mjinga nikauacha. Nilikuwa nimesahau mikono yake ilivyo, ncha za vidole ngumu kama kokwa kwa sababu ya nyuzi.

"Nipe nafasi nyingine, Juci."

Nikautoa mkono. "Imba alivyoandika."

"Nini?"

"Jumapili. Uliwadanganya mbele ya watu, karekebishe mbele ya watu. Mimi nikimpelekea mama karatasi hii atasema ni fitina, atasema mwanawe hakuandika hivyo. Lakini akiusikia kwako, wewe uliyemwahidi, ataamini. Ukiimba ubeti wa tatu mama akausikia, nitatoa pete kwenye kopo. Usipoimba, vua hiyo yako, tusisumbuane."

"Mchungaji ataniweka benchi. Miezi mitatu, labda sita. Hakuna gitaa, hakuna kuimba."

"Mdogo wangu yuko benchi la milele. Wewe kaa miezi sita."

Alisimama. Alipofika kwenye ubao mwekundu akageuka kunitazama, na mimi nikajitia naosha mashine. Akapita mbele ya kiti cha mama, mvua inamnyeshea. "Amani ya Bwana, Bi Lindalva." Sikusikia kama alijibiwa.

Jumapili kanisa lilijaa mpaka watu wakasimama madirishani. Kamera tatu, taa, maua ya plastiki. Mama alikaa safu ya mbele ya akina mama, amevaa nyeupe, na mimi kando yake. Kwa kawaida wimbo ule ukianza, mama huenda kunywa maji. Siku hiyo hakukuwa na pa kupita.

Adiel alipanda na gitaa. Shati lilikuwa lile lile. Alikuwa amelifua, na alama ya kiganja ilikuwa imebaki, hafifu, kama mchubuko unaopona. Vifungo vya koti havikuifunika yote. Mama aliitazama, akanitazama mikono.

Beti mbili za kwanza zilikwenda kama zinavyokwenda siku zote. Kiitikio kikafika. Nilimwona akivuta pumzi. Niliiona midomo yake ikifanya *usi*, *usipo*, niliiona wazi, lakini sikumsikia. Watu mia nane walikuwa wamefumba macho, mikono juu, wanaimba kwa nguvu zao zote: *Umejibu, Bwana, umejibu!* Akaja karibu na kipaza sauti, akapandisha sauti mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. *Umejibu!* wakamfunika. Nyuma yangu Dada Socorro alikuwa analia kwa furaha. Walikuwa watu wema na walikuwa wanaimba vizuri kuliko siku yoyote, na wimbo haukuwa wake tena wa kuurekebisha. Akarudia mara ya tatu. Wakamfunika mara ya tatu.

"Huyu leo anatingisha mdomo tu," mama akasema. "Sauti imemwishia."

Nikaona basi. Tumeshindwa. Mchungaji Osmarino alikuwa ameshainuka na Biblia yake, tayari kufunga kwa maombi.

Ndipo Adiel akamgeukia mpiga ngoma, akamwonyesha kiganja: nyamaza. Akavua gitaa akaliweka chini. Kanisa likasubiri, likidhani ni upako. Akaanza ubeti wa tatu, bila chombo chochote, akigonga nguzo ya kipaza sauti kwa pete yake, taratibu, kama kijiko kwenye chuma cha kitanda.

*Mama, ondoa kiti mlangoni...*

Watu walifungua vinywa kumfuata, wakakosa maneno. Walifunga, mmoja mmoja, safu kwa safu. Ubeti ule hakuna aliyeujua, kwa hiyo hakuna aliyeweza kumfunika.

*...leo usinisubiri.*

Mkono wa mama ukanishika paja. Kucha zake ziliingia.

*Viatu nimevua kwingine,*
*ni mimi, mama, nimefika.*

"Utukufu kwa Mungu!" Mchungaji akaruka, akakichukua kipaza sauti. "Ndugu yetu amechoka, tumwombee!" Watu wakaanza kuomba kwa sauti, kila mtu lake, kanisa zima likavuma. Katikati ya uvumi ule mama akaniinamia.

"Nani kamwambia habari za kiti changu?"

"Josiel, mama. Ni maneno yake. Aliandika mwenyewe, karatasi ninayo."

"Lini?"

Nilitaka kusema sijui. "Jumanne ile ya mwisho."

Mama aliangalia sakafu mbele ya madhabahu, vigae vitatu hivi kutoka miguuni pake. "Jumanne nilikuwa hapa," akasema. "Pale. Nilipiga magoti pale tangu asubuhi, naomba asiseme neno lolote."

Akainuka. Nikampa karatasi, akatoka peke yake kati ya watu wanaoomba, na kila aliyempita alimgusa bega akamwambia, "Pokea, mama, pokea."

Nyumbani nilimkuta amesimama kizingitini na nguo zake nyeupe, karatasi niliyompa mkononi. Hakuwa analia. Ningependa angelia.

"Mwandiko wake mbaya," akasema. "Nilimwambia tangu shule."

"Sindano ilikuwa mkono wa kulia, mama."

"Yule niliyesema alitia shaka, nilidhani ni mimi. Siku moja niliota namvisha suti ya mazishi. Nilikiogopa kitanda changu." Akaikunja karatasi ndogo, ndogo zaidi. "Alinifungulia kinywa mara ngapi, Juci? Mara ngapi nilimziba?"

Alijua hesabu kuliko mimi.

Ng'ambo ya barabara, chini ya kibaraza cha kinyozi, Adiel alikuwa amesimama. Hakuwa na gitaa. Mchungaji alikuwa amesema mbele ya kanisa: miezi sita, benchi la nyuma. Mama alimwona pia.

"Usiniombe nimpende," akasema. "Amekaa na mwanangu mfukoni mwaka mzima na zaidi."

"Sikuombi, mama."

"Pengine siku moja. Leo sina."

"Sawa, mama."

Kisha akashika kiti kwenye egemeo lake, akakiinua. Kiti chenyewe chepesi, lakini alikibeba kama gunia. Alikipitisha mlangoni, akakiweka jikoni, mezani, mahali pa Josiel. Akaufunga mlango taratibu, na nikasikia komeo.

Nilikwenda dukani nikalishusha kopo la maziwa. Pete ilikuwa na vumbi la unga. Nikaitia mfukoni mwa aproni, sikuivaa. Ahadi ni ahadi, ila ndani mama alikuwa ameanza, hatimaye, kulia. Nikavuka barabara.

Adiel aliniangalia mikono kwanza, kulia, kushoto. Akaona hakuna kitu.

"Alisikia?" akasema.

"Alisikia."

"Amesema nini?"

Mvua ilikuwa inaanza. Nilisogea chini ya kibaraza, karibu naye lakini si karibu sana.

"Ameingiza kiti ndani," nikamwambia.

Akajifunika uso kwa mikono yote miwili. Nilisimama kando yake, mkono wangu mfukoni umeishika ile pete, mpaka kilio cha mama kilipokatika upande wa pili.